Onyo Bila Pa Kwenda: Uchambuzi wa Maporomoko ya Mlima Elgon

Ukisimama Nakaloke, mashariki mwa Uganda, kando ya barabara kuu itokayo Mbale kuelekea Kumi na Soroti, mlima uko upande wako wa mashariki. Asubuhi genge la Wanale huonekana wazi juu ya mji wa Mbale. Alasiri, katika miezi ya mvua, mawingu hushuka yakalifunika. Yanapoinuka tena, michirizi myeupe ya maji imetokeza kwenye genge, na sisi wa bondeni tunajua bila kuambiwa kwamba mito ya Nabuyonga na Namatala itajaa kabla ya giza.

Tusichokijua saa hiyo ni hali ya wale walio nyuma ya genge, kule Bududa, Sironko, Bulambuli, Manafwa na Namisindwa. Tunangoja simu. Kwa miaka mingi sasa simu hizo zimeleta habari za aina moja: mlima umekatika, nyumba zimefunikwa, watu wanachimba kwa majembe.

Uchambuzi huu una swali moja. Udongo wa Mlima Elgon umechunguzwa na wataalamu, vijiji vyenye hatari vinajulikana kwa majina, na misimu ya mvua inajulikana kwa miezi. Kwa nini basi watu wanaendelea kufa kwa namna ileile, mara nyingine katika gombolola ileile? Jibu langu nalitanguliza ili msomaji alipime kadiri tunavyoendelea: tumejishughulisha sana na onyo, tukajishughulisha kidogo na mahali pa kwenda. Onyo humfaa mwenye njia ya kulitii. Asiye na njia hubaki na hofu yake palepale alipokuwa.

Theluji na udongo

Katika milima ya Alps huko Ulaya, na katika ile ya Rocky huko Marekani na Kanada, wako watu wanaopanda sehemu zisizo na njia wala walinzi, kisha wakateremka kwa skii, zile mbao mbili nyembamba zinazofungwa miguuni. Adui yao mkubwa ni maporomoko ya theluji. Elimu waliyoijenga kumhusu adui huyo inatufaa na sisi, kwa sababu yanayoiangusha theluji yana undugu na yanayouangusha udongo wa Bududa.

La kwanza ni mteremko. Maporomoko mengi ya theluji yanayoua huanzia kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45. Ukiwa mlalo zaidi ya hapo, theluji hutulia. Ukiwa wima zaidi, hudondoka kidogokidogo kabla haijarundikana. La pili ni tabaka dhaifu. Theluji hujilimbikiza tabaka juu ya tabaka, na likitokea moja la chembe zisizoshikana, likafunikwa na jingine zito, yale ya juu hukaa kama ubao uliolazwa juu ya punje za mtama. La tatu ni mzigo: theluji mpya, theluji iliyorundikwa na upepo, au uzito wa mtu mmoja tu anayepita. Mambo hayo matatu yakikutana, mlima huachia.

Sasa tuutazame mlima wetu. Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana, na kilele chake cha Wagagai kinafika mita 4,321. Haina theluji ya kudumu. Miamba yake imeoza kwa muda mrefu mno, ikawa udongo wenye mfinyanzi mwingi, unaoshuka mita kadhaa kabla ya kufika kwenye mwamba. Maji ya mvua hupenya upesi katika udongo wa juu uliolimwa, kisha hukwama pale mfinyanzi unapobana au mwamba unapoanzia. Hapo yanapokwama ndipo tabaka dhaifu linapozaliwa. Kuna sehemu ambako udongo hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyufa za kiangazi huwa milango ya maji msimu wa mvua.

Mzigo ni maji yenyewe. Mvua ya milimita 100 ikinyesha juu ya ekari moja, huangusha tani mia nne za maji, sawa na malori arobaini ya tani kumi. Sehemu ya maji hayo hukimbia mtoni. Sehemu hubaki ndani ya udongo, ikiuongezea uzito huku ikiupunguzia mshikamano. Mwenye shamba halioni hilo. Anachoona ni migomba iliyostawi.

Watafiti waliopima iliyokuwa kaunti ya Manjiya, ambayo sasa ni wilaya ya Bududa, walichapisha matokeo yao mwaka 2006. Walihesabu maporomoko 98, yaliyosogeza udongo wa karibu mita za ujazo milioni 11. Waliona kwamba yalitokea zaidi kwenye miteremko mikali, na hasa mahali palipobonyea kama kiganja, ambapo maji ya pande zote hukutana. Waliona pia mkono wa mwanadamu: mtu anapokata mteremko apate uwanja wa kujengea nyumba, huondoa mguu uliokuwa ukiubeba udongo wa juu. Msomaji alishike hilo, kwa kuwa mahali palipobonyea ndipo penye rutuba na maji ya karibu. Ndipo kila mtu anapopataka.

Afrika Mashariki nayo imewahi kuuliwa watu na mlima wenye barafu. Januari 2006, kwenye njia ya magharibi ya Kilimanjaro, mawe yaliporomoka na kuwaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Barafu inayoyeyuka huyaacha mawe bila kitu cha kuyashika. Lakini wapandaji wale, na wenye skii wa Alps, wana hiari ambayo watu wetu hawana. Wao huifuata hatari kwa siku chache, kisha wakarudi nyumbani. Mkulima wa Bududa nyumbani kwake ndiko huko huko kwenye hatari. Analala ndani yake, anazaa ndani yake, na watoto wake wanakwenda shule ndani yake.

Kumbukumbu ya miaka

Maporomoko ya Elgon si jambo la jana. Wazee huyasimulia, na yameandikwa tangu zama za ukoloni. Mvua za El Niño za mwaka 1997 ziliua makumi ya watu katika Manjiya na kuwaacha maelfu bila makao. Hata hivyo, taifa zima lilishtuka mwaka 2010.

Jioni ya Machi 1 mwaka huo, baada ya mvua kubwa mfululizo, mteremko ulikatika katika gombolola ya Bukalasi, wilayani Bududa, na kukifunika kijiji cha Nametsi: kituo cha biashara, nyumba, na kituo cha afya ambamo watoto wa shule walikuwa wamejikinga na mvua. Miili iliyopatikana ilikaribia mia moja. Ukijumlisha na walioachwa chini ya udongo, hesabu ilizidi 300. Barabara haikuweza kupitisha mitambo, kwa hiyo askari na wanakijiji walichimba kwa majembe, makoleo na mikono. Rais Museveni alifika mwenyewe. Ahadi ya kuwahamisha watu ilitolewa mbele ya macho ya nchi nzima.

Juni 2012 vijiji vya Bumwalukani, katika wilaya hiyohiyo, vilifunikwa. Oktoba 11, 2018, mto Suume ulibeba udongo, mawe na magogo ukapita katikati ya makazi ya Bukalasi. Zaidi ya watu 40 walikufa. Novemba 27, 2024 ikawa zamu ya Bulambuli: Masugu na vijiji jirani vilizikwa, zaidi ya watu 20 walipatikana wamekufa, na wengine wengi hawakuonekana tena.

Majirani zetu wana misiba yao. Novemba 2019, Pokot Magharibi nchini Kenya ilipoteza makumi ya watu usiku mmoja. Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliingia katika mji wa Katesh nchini Tanzania na kuua zaidi ya watu 80. Julai 2024, katika eneo la Gofa kusini mwa Ethiopia, walikufa zaidi ya 200, na wengi wao walikuwa wamekuja kuwaokoa majirani waliofunikwa na poromoko la kwanza. Somo la Gofa ni chungu, na linapaswa kufundishwa katika kila kijiji cha Elgon: mteremko uliokatika mara moja unaweza kukatika tena saa ileile.

Ukiiweka miaka hiyo pamoja, mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, maporomoko yetu makubwa yalitanguliwa na mvua nyingi, kwa hiyo hayakuwa ya ghafla kama watu wanavyosema. Pili, hayakuchagua saa. Mengine yalikuja jioni au usiku, lakini lile la 2018 lilikuja mchana, watu wakiwa katika shughuli zao. Anayedhani kwamba kujihadhari ni suala la usiku peke yake amekosea.

Kwa nini wako huko

Watu wa bondeni tuna maneno mepesi: wameambiwa wahame, wamekataa, basi. Nimeyasikia Nakaloke, nimeyasikia mjini Mbale, na huko nyuma nimeyasema mimi mwenyewe. Si maneno ya haki.

Tuanze na idadi. Sensa ya 2002 iliikuta Bududa ikiwa na watu wapatao 123,000. Ile ya 2014 iliwakuta zaidi ya 210,000. Ardhi haikuongezeka hata shubiri. Juu kuna mpaka wa hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambao umeleta ugomvi kati ya wananchi na walinzi kwa miaka mingi. Chini kuna vijiji vilivyokwisha kujaa. Katikati ndimo watu wanamosongamana.

Kisha kuna mila. Miongoni mwa Bamasaaba, wenyeji wa mlima huu, kijana aliyepitia imbalu, ile tohara ya hadharani inayofanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili, amekuwa mwanamume kamili, na mwanamume kamili anastahili kipande cha ardhi ya baba yake. Baba mwenye ekari mbili na wana wanne atagawa nini? Wa kwanza atapata mgongo wa kilima ulio imara. Wa mwisho atapata ule mteremko ambao babu alikataa kujenga. Kwa njia hiyo hatari inarithiwa kizazi kwa kizazi, na kila kizazi kinasogea karibu zaidi na ukingo.

Tatu ni kahawa. Arabika inapenda mwinuko, ubaridi na udongo wa volkano, na mlima unavyo vyote vitatu. Chama cha Ushirika cha Bugisu, kilichoanzishwa mwaka 1954, kilijengwa juu ya kahawa hiyo. Karo za shule, mabati na mahari ya sehemu hii vimetoka humo. Tambarare inayoanzia Nakaloke kwenda kaskazini ni ya pamba, mahindi, wimbi na muhogo. Arabika haistawi huku. Kumwambia mkulima wa kahawa ashuke tambarare ni kumwambia abadilishe kazi, chakula na hesabu yote ya maisha yake.

Mwisho ni makaburi. Nametsi bado inawashikilia wafu ambao hawakutolewa. Kuna waliobaki karibu na mahali pale kwa sababu watoto wao wako chini ya udongo ule, na hawawezi kuwaacha. Mpango wa kuhamisha watu usiolitaja jambo hilo umeacha nje jambo zito kuliko mengine.

Miti inaweza nini

Kila baada ya msiba, jibu la haraka ni kupanda miti. Lina ukweli ndani yake. Mizizi hushona udongo wa juu, majani hupunguza nguvu ya matone, na mti hufyonza maji ambayo yangebaki ardhini. Mteremko uliovuliwa msitu ukapandwa mahindi hadi kileleni ni rahisi kuponyoka kuliko ule wenye miti.

Lakini yapo maporomoko ambayo mti hauyawezi. Poromoko linaloanzia mita nyingi chini ya ardhi huteleza chini ya mizizi yenyewe, likashuka na miti yake ikiwa imesimama. Tena mti unaopandwa leo utahitaji miaka mingi kabla ya kuwa na mizizi ya kutegemewa. Kwa hiyo tupande miti, hasa kwenye yale mabonyeo na kingo za mito, tukijua kwamba ni kazi ya kuwasaidia wajukuu. Aliye chini ya mteremko mwaka huu hawezi kuokolewa na mche.

Onyo linavyofanya kazi

Tuurudie ulimwengu wa theluji, kwani hapa ndipo wenzetu walipotangulia. Uswisi ilianza kuichunguza theluji kisayansi juu ya mji wa Davos katika miaka ya 1930, na tangu 1945 taasisi ya huko inatoa taarifa kwa umma kuhusu hatari ya maporomoko. Siku hizi, katika majira ya baridi, taarifa hutoka kila siku. Nchi za Ulaya zilikubaliana mwaka 1993 kutumia ngazi tano za hatari, kuanzia ndogo hadi kubwa mno. Taarifa haisemi tu kwamba kuna hatari. Inataja miteremko inayotazama upande gani, kuanzia mwinuko gani, na kwa sababu ya tabaka la namna gani.

Jambo moja lililoonekana huko linastahili kutafakariwa. Wenye skii wengi hawafi katika ngazi ya tano. Sehemu kubwa ya vifo hutokea katika ngazi ya tatu. Ya tano inapotangazwa, watu hubaki nyumbani. Ya tatu inapotangazwa, kila mmoja hujiambia kwamba yeye ni mwangalifu, atapita. Onyo la katikati ndilo linaloua, kwa kuwa linamwachia mtu nafasi ya kujidanganya.

Maonyo yetu mengi ni ya katikati. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu: mvua itazidi wastani katika ukanda wa Elgon. Ofisi ya Waziri Mkuu huwataka watu wa miteremkoni wahame. Taarifa hizo ni za kweli na zinatolewa kwa nia njema, lakini zinahusu miezi mitatu na wilaya nyingi. Mama mwenye watoto watano na mbuzi wawili atafanya nini na onyo la miezi mitatu? Atakaa. Wiki ya kwanza itapita salama, ya pili vilevile, na kila siku inayopita salama itamfundisha kutoamini. Siku mlima unapokatika kweli, onyo litakuwa limekwisha kuchakaa masikioni mwake.

Onyo la kufaa ni la kijiji na la saa. Linahitaji kipima mvua katika kila parishi, mtu aliyefunzwa kukisoma, na kiwango kilichokubaliwa mapema kwamba mvua ikifika hapa tunaondoka. Linahitaji sauti: mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kipaza sauti cha msikiti, kengele au ngoma ya kanisa, redio za Mbale zinazosikika hadi mlimani. Na linahitaji kila mtu ajue dalili zilezile: ufa mpya ardhini au ukutani, mlango uliokuwa ukifunga vizuri kisha ukagoma, miti na nguzo zilizoanza kuinama, chemchemi inayofumka mahali ambapo haikuwapo, maji ya mto yanayogeuka matope ghafla, au mto unaopungua huku mvua ikiendelea, maana yake kuna kitu kimeuziba huko juu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mlima hauna seremala wala mwashi. Dawa yake ni kuondoka siku hiyohiyo.

Kuna tofauti nyingine kati ya theluji na udongo inayofanya onyo liwe na uzito zaidi kwetu. Mwenye skii aliyefunikwa na theluji, akifukuliwa ndani ya robo saa ya kwanza, mara nyingi huishi, kwa sababu theluji ina hewa ndani yake. Ndiyo maana hubeba kifaa cha kutoa mawimbi, fimbo ya kupekulia na koleo, na wenzake ndio waokoaji wake. Udongo uliolowa hauachi hewa. Huvunja mifupa na kuziba pumzi papo hapo. Hakuna koleo litakaloutatua msiba wa Bududa baada ya kutokea. Kwa mlima wetu, kuokoa ni kuondoka kabla.

Kuhama: mbali na karibu

Baada ya Nametsi, serikali iliwahamishia watu wapatao 3,000 Panyadoli, katika wilaya ya Kiryandongo, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwao. Walipewa ardhi, na wengi wameishi huko hadi leo na kulea watoto wao. Wengine walirudi mlimani. Waliorudi walisemwa vibaya, ila sababu zao zilikuwa wazi: ukavu wa huko, mazao mageni, lugha ngeni, na umbali kutoka kwenye ukoo, makaburi na viwanja vya imbalu. Kisha kulikuwa na kahawa iliyobaki shambani bila mwenyewe. Ardhi iliyoachwa huchukuliwa na mwingine, na nyumba mpya hujengwa juu ya hatari ya zamani.

Jaribio la pili lilikuwa Bunambutye, katika tambarare ya wilaya ya Bulambuli, ambako serikali ilinunua zaidi ya ekari 2,800. Mwaka 2019 familia 101 za kwanza ziliingia katika nyumba zilizojengwa huko. Bunambutye ina ubora ambao Kiryandongo haikuwa nao: iko karibu. Mtu anauona mlima wake, anasikia lugha yake, na akifiwa anaweza kwenda kuzika na kurudi. Upungufu wake ni mwendo. Familia 101 mbele ya maelfu wanaoishi kwenye miteremko ni mwanzo tu, na maporomoko ya 2024 yaliikuta Bulambuli, wilaya hiyohiyo, ikiwa bado imejaa watu kwenye miteremko.

Kutokana na majaribio hayo mawili natoa hoja ambayo naamini haijasemwa kwa sauti ya kutosha. Tumeunganisha vitu viwili vinavyoweza kutenganishwa: kulima mlimani na kuishi mlimani. Mkulima anahitaji kahawa yake. Hahitaji kulala chini yake. Akipewa kiwanja cha kujenga mahali imara, iwe kwenye mgongo wa kilima uliopimwa au chini katika tambarare ya karibu, huku hati ya shamba lake la juu ikibaki mikononi mwake, atakuwa na sababu ya kushuka. Atapanda asubuhi na kurudi jioni, na katika siku za mvua kubwa atabaki chini, maana kahawa haikimbii. Hatari haitakwisha, kwani poromoko la 2018 lilikuja mchana, lakini watoto, wazee na wagonjwa, ambao ndio wasioweza kukimbia, watakuwa wametoka njiani. Serikali ikichagua kati ya kuwapeleka watu wachache mbali sana na kuwasogeza watu wengi karibu, ichague la pili.

Uswisi ilifika hapo kwa machozi. Majira ya baridi ya 1950 kuingia 1951 yaliua watu 98 nchini humo kwa theluji. Baada yake vijiji vilipimwa na kuchorwa ramani za rangi. Eneo jekundu halijengwi nyumba mpya, hata kama ni ardhi ya babu. Mwaka 1999 theluji nyingi ilikuja tena, na waliokufa huko walikuwa 17, ingawa milima ilikwisha kujaa watalii. Hata hivyo, Februari mwaka huohuo kijiji cha Galtür katika nchi jirani ya Austria kilipoteza watu 31, baadhi yao wakiwa katika nyumba zilizodhaniwa kuwa salama. Ramani husaidia, lakini lazima ipimwe upya kila mlima unapobadilika.

Sisi wa bondeni

Isidhaniwe kwamba suala hili linaishia mlimani. Usiku wa Julai 30 kuamkia 31, mwaka 2022, mvua ya mlimani ilishuka kwa Nabuyonga, Namatala na vijito vyake hadi ndani ya mji wa Mbale. Zaidi ya watu 20 walikufa, wengine wakiwa ndani ya basi dogo lililosombwa na mto. Mabomba makuu yalikatika, na watu wapatao 400,000 wakakosa maji safi. Huko kusini, mto Manafwa hubeba udongo wa Bududa hadi Butaleja, unakojaza mifereji ya skimu ya mpunga ya Doho, kisha ukaendelea kwa Mpologoma hadi Ziwa Kyoga. Udongo unaoondoka shambani kwa mtu wa juu unamjia mtu wa chini kwa sura ya mafuriko na tope.

Kwa hiyo mipango ya mlima na ya bonde ni mpango mmoja. Ardhi ya kuwapokea wanaoshuka iko huku kwetu, katika tambarare hii. Shule, visima na zahanati za huku ndizo zitakazoelemewa au kuimarishwa. Viongozi wa Nakaloke, Mbale na Bulambuli wanapopima viwanja wakumbuke kwamba jirani wa mlimani atahitaji nafasi, na kwamba kumkaribisha kwa mpango ni nafuu kuliko kumpokea usiku akiwa na blanketi moja na mtoto mgongoni. Nasi wenyeji tuache kumwita mkaidi. Hakuna mkaidi kati ya watu waliokosa pa kwenda.

Jambo la kufanya msimu ujao, bila kungoja bajeti kubwa, linaanzia kijijini. Kila LC1 ya mteremkoni iorodheshe nyumba zilizo katika mabonyeo na zile zilizokatiwa ukuta wa udongo. Kila familia katika orodha hiyo ipangiwe nyumba ya ndugu au jamaa kwenye mgongo imara, kwa jina, na njia ya kufika iitembee mchana kabla haijaihitaji usiku. Kipima mvua kiwekwe shuleni, na watoto wafundishwe kukisoma. Bunge na Ofisi ya Waziri Mkuu waharakishe viwanja vya karibu, pamoja na ulinzi wa hati za mashamba ya juu, ili anayeshuka asihesabike kuwa amepoteza.

Mvua kubwa ya Elgon hurudi kila mwaka ifikapo Machi. Tunajua mwezi, tunajua miteremko, tunajua majina ya vijiji. Waliozikwa Nametsi hawakuwa na habari zote hizo. Sisi tunazo, na tutaulizwa tulizifanyia nini.